Sapu mbili, mikono inayotetemeka na kioo cha asubuhi: jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi

Swali

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, hapa Tabora mjini. Nyumbani ni Urambo, baba analima tumbaku na ndiyo inayonisomesha. Sekondari nilikuwa sitoki tatu bora. Muhula huu nimepata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia: Famakolojia (somo la dawa) na Uuguzi wa Magonjwa ya Ndani. Wodini mikono inatetemeka nikishika kanula, ile sindano yenye kimrija cha plastiki kinachobaki kwenye mshipa, na juzi sista mmoja alinifokea mbele ya mgonjwa mpaka nikaenda kulia chooni. Mwenzangu wa chumbani anasema shida yangu ni kutojiamini. Akanishauri kila asubuhi nisimame mbele ya kioo nijiambie "mimi ni mshindi, mimi ni bora". Nimefanya mwezi mzima sijaona tofauti, na siku nyingine naondoka kwenye kioo nikiwa na hali mbaya zaidi. Je, kweli kutojiamini ndiko kunakonifelisha? Na mtu anakupataje huko kujiamini?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa sapu, na pole zaidi kwa lile la mbele ya mgonjwa.

Kioo kiache kuanzia kesho. Ulichokiona wewe kwa mwezi mmoja, watafiti walikwisha kukipima. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, nchini Canada, waliwataka watu wajirudie sentensi ya kujisifu. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wanajiona duni walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuambiwa wajisemee chochote. Sababu si ngumu kuiona: ukijiambia wewe ni bora huku matokeo ya Famakolojia yamebandikwa ubaoni, akili inakujibu papo hapo kwa kukuletea kila ushahidi wa kinyume ilio nao. Unatoka hapo umejishtaki upya. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hata kujipa moyo kumekushinda. Ushauri wenyewe ndio haukukufaa.

Sasa swali lako kubwa. Kuna mambo mawili ambayo mazungumzo ya bwenini huyachanganya. La kwanza ni thamani unayojipa kama mtu: je, nina maana, nastahili kuwepo hapa? Hilo ndilo Morris Rosenberg alilolitungia kipimo chake cha sentensi kumi mwaka 1965, na kipimo hicho bado kinatumika hadi leo, hata katika tafiti za wanafunzi wa uuguzi. La pili ni imani kwamba unaweza kufanya kazi moja mahususi: kukokotoa matone ya dripu, kuweka kanula kwa mtu mzima mwenye mishipa inayoonekana, kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kwa fetoskopu. Hili Albert Bandura alilieleza mwaka 1977. Mtu anaweza kujithamini sana na asijue kuweka kanula. Mwingine mikono yake ni ya dhahabu lakini moyoni anajiona si kitu.

Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu la kwanza. Walikuta kwamba uhusiano kati ya kujithamini na alama za darasani upo, lakini ni mdogo, na kwa sehemu unatokana na upande wa pili: mtu hufaulu kwanza, ndipo anajithamini. Juhudi za kuwapandishia wanafunzi kujithamini peke yake hazikuonekana kuwapandishia alama. Kwa hiyo mwenzako ameshika mkia wa jambo. Kutojiamini kwako hakukuandika majibu mabaya kwenye mtihani.

Hata hivyo kuna njia moja ambayo kujiona duni humfelisha mtu kweli, nami naomba uiangalie kwa makini kwa sababu ndiyo kiini cha jibu langu. Kunakufanya ukwepe. Darasani hunyooshi mkono. Kwenye raundi ya kupitia wagonjwa unasimama nyuma ya wenzako warefu. Mkufunzi akisema "nani bado hajafanya prosija hii?", yaani kazi hii ya vitendo kwa mgonjwa, unaangalia viatu. Ukisoma, unachagua kurudia notsi ulizozielewa kwa sababu zinatuliza, na unaruka maswali ya zamani kwa sababu swali ulilokosa linauma. Vitu vyote unavyovikwepa ndivyo vinavyofundisha. Baada ya muhula mzima wa kukwepa, kweli unakuwa hujui, na sasa ile hofu imepata ushahidi. Pa kuukata mzunguko huu ni kwenye kukwepa, maana kitendo unaweza kukiamua leo hata kama moyo bado unaogopa.

Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani ya kuweza. Chenye nguvu kuliko vyote ni kufanikiwa wewe mwenyewe, kwa jambo halisi, hata likiwa dogo. Kinafuata kumwona mtu anayefanana nawe akifanikiwa. Kisha maneno ya mtu unayemwamini na ambaye amekuona ukifanya. Cha nne ni hali ya mwili: usingizi, njaa, moyo unaodunda. Kioo ni maneno matupu yasiyotokana na kitu ulichokifanya. Hayo mengine yote yanawezekana hapohapo Tabora, na nitayapitia.

Kuhusu sapu

Sidhani wewe ni mvivu. Mvivu hasimami mbele ya kioo mwezi mzima. Ninachoshuku ni namna unavyosoma. Wengi waliokuwa juu sekondari walifika huko kwa kusoma na kurudia mpaka ukurasa ukawakaa. Famakolojia ina ujazo ambao njia hiyo haiuwezi.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandishi mafupi ya kisayansi. Kundi moja liliyasoma vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu likafunika karatasi na kuandika kila kitu lilichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele, na ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40. Waliojipima walikumbuka asilimia 61. Ona hapo, mdogo wangu: waliojiamini zaidi ndio waliosahau zaidi. Ule utulivu unaoupata ukisoma notsi mara ya nne si ujuzi. Na ile aibu ya kufunika daftari ukakuta kichwa kitupu ndiyo kazi yenyewe ya kujifunza ikianza.

Kwa Famakolojia fanya hivi. Chukua karatasi ngumu uzikate vipande vya ukubwa wa nusu ya bahasha. Kipande kimoja, dawa moja. Mbele jina la dawa tu; nyuma majibu ya maswali sita: inatibu nini, inafanyaje kazi mwilini, dozi na njia ya kutoa, madhara, nani asipewe, na muuguzi anaangalia nini kabla na baada ya kuitoa. Hilo la sita wanafunzi wengi huliacha, wakati ndilo linalomtofautisha muuguzi na mtu aliyekariri boksi la dawa. Chukua magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Kabla ya kila dozi inayofuata unaangalia: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Na karibu na kitanda kuna kalsiamu glukoneti, gramu 1, yaani mililita 10 za myeyusho wa asilimia 10, ya kumpa polepole kwenye mshipa dawa ikizidi. Ukiweza kuyasema hayo bila kuangalia nyuma ya karatasi, na ukaeleza kwa nini upumuaji unaangaliwa kabla ya dozi, umeijua dawa hiyo.

Dawa mpya zisizidi tatu kwa siku. Kila dawa irudiwe kesho yake, kisha siku ya 4, ya 8 na ya 15. Ukiikosa, inarudi mwanzo. Mzee wako anajua kwamba tumbaku haikaushwi kwa moto mkali wa usiku mmoja: joto la bani, lile banda la kukaushia, hupandishwa hatua kwa hatua kwa siku kadhaa, la sivyo jani linaharibika na kijiti kinabaki kibichi. Kichwa nacho ndivyo kilivyo. Kama una wiki tano kabla ya sapu, wiki tatu za kwanza zinatosha kwa dawa 45, ukisoma siku tano kwa wiki. Wiki mbili za mwisho ni za kurudia na kufanya maswali ya zamani kwa kuangalia saa. Kikao kimoja kisizidi dakika 25 kabla hujanyanyuka. Ukitoka zamu ya usiku usianze dawa mpya. Pitia za zamani kidogo ulale.

Hesabu za dozi zinastahili maneno yake, kwa sababu hapo ndipo wengi hujitangazia kwamba "mimi hesabu sijazaliwa nazo". Makosa ya hesabu za dozi ni machache na yanajirudia. Dripu ya lita moja iingie kwa saa 8, seti yako inatoa matone 20 kwa mililita (soma pakiti, kuna zinazotoa 15). Ni 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Anayekosea mara nyingi amegawa kwa 8 badala ya 480 akapata 2,500. Hakuna mtu anayeweza kuhesabu matone 2,500 kwa dakika, lakini huyu ameandika na kufunga karatasi kwa sababu hofu ilimfanya akimbilie jibu. Dawa yake ni kukadiria kabla ya kukokotoa. Mtoto wa kilo 10, gentamisini miligramu 7.5 kwa kilo, ni miligramu 75. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Kabla hujashika kalamu useme: jibu lazima liwe pungufu kidogo ya mililita 2. Ukikokotoa ukapata 1.875, unaizungusha iwe 1.9, mko sawa. Ukipata 18.75, nukta imehama, na umejikamata mwenyewe kabla mtoto hajadungwa. Fanya maswali matano ya aina hii kila siku, si hamsini siku ya Jumamosi. Na kila ulilokosa, andika pembeni sababu kwa maneno matatu: "sikubadili saa", "nukta imehama", "nimesoma kipimo vibaya". Baada ya wiki mbili utakuta sababu zako ni mbili au tatu tu. Mtu anayezijua sababu zake hawezi tena kusema hana akili ya hesabu.

Halafu lugha. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na mtihani wa chuo ni kung'eng'e tupu. Kabla hujahukumu kwamba hujui, jipime hivi: mweleze mwenzako kwa Kiswahili jinsi moyo unavyoshindwa kusukuma damu na kwa nini miguu ya mgonjwa inavimba. Ukieleza vizuri, elimu unayo na kilichokosekana ni Kiingereza cha kuiandikia. Tafuta sentensi 20 za kawaida za somo hilo uziandike kwa mkono mara kadhaa. Ukishindwa hata kwa Kiswahili, basi rudi kwenye kitabu. Hayo ni magonjwa mawili yenye tiba mbili, na ni wanafunzi wengi mno wanaotibu lisilo lao. Angalia pia swali linaamuru nini. Kuna maswali yanayotaka utaje tu, mengine ueleze, mengine utofautishe. Aliyeulizwa atofautishe aina mbili za kisukari akaeleza moja kwa ukurasa mzima amepoteza nusu ya alama na elimu yote ipo kichwani.

Somea na wenzako wawili, si zaidi. Mmoja awe amekuzidi kidogo tu. Yule anayeongoza darasa atakutia hofu badala ya kukuonyesha njia. Hiki ndicho chanzo cha pili cha Bandura: unahitaji kumwona mtu wa hali yako akifaulu hatua iliyo mbele yako.

Wodini

Mikono kutetemeka si alama ya udhaifu wa tabia. Ni adrenalini, na misuli midogo ya vidole ndiyo inayoionyesha kwanza. Inaongezeka ukiwa na njaa na usipolala. Ukienda zamu ya saa moja na nusu asubuhi kwa chai ya rangi tupu, saa nne utatetemeka hata ungekuwa jasiri. Kula kiazi au andazi kwanza. Unapofanya prosija, kaa kama unaweza, kisigino cha mkono kikiegemea kitanda au mkono wa mgonjwa. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, kabla tu ya kuchoma. Mkono ulioegemezwa hautetemeki kama mkono ulio hewani.

Lakini sehemu kubwa ya "sina mkono wa kanula" ni hatua moja tu unayoikosea bila kujua ni ipi. Vunja prosija vipande. Mpira wa kufungia mkono uwe kati ya sentimita 7 na 10 juu ya mahali pa kuchoma, usikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Paka spiriti, iache ikauke yenyewe. Ngozi ivutwe chini kwa kidole gumba cha mkono mwingine. Usipoivuta mshipa unateleza na utadhani umeukosa. Ingia kwa pembe ya kati ya nyuzi 10 na 30. Damu ikirudi kwenye kichumba cha nyuma, hapo ndipo wengi huharibu: wanafurahi, wanaanza kusukuma kanula papo hapo. Ncha ya sindano imetangulia mbele ya mdomo wa plastiki, kwa hiyo damu inapoonekana, sindano imo ndani ya mshipa lakini plastiki bado iko nje. Ukiisukuma inakunja ukuta wa mshipa, panavimba, na unahitimisha kwamba huna kipaji. Laza pembe, songa mbele milimita mbili au tatu, ndipo uteleze plastiki ukiwa umeituliza sindano. Fungua mpira kabla ya kutoa sindano.

Rudia kwenye mkono wa plastiki wa maabara ya ujuzi, kila hatua ukiitaja kwa sauti, mpaka uifanye mara tano mfululizo bila kuruka hata moja. Kisha omba wagonjwa rahisi: mtu mzima, mishipa ya wazi, hali iliyotulia. Usianze na mtoto aliyepungukiwa maji wala na dharura. Majaribio mawili yakishindikana kwa mgonjwa mmoja, mpishe mwenzako bila kujilaumu. Hata wauguzi wenye uzoefu hufanya hivyo kwa ajili ya mgonjwa. Jioni andika mstari mmoja: hatua gani imekwenda sawa, ipi imekwama. Daftari hilo baada ya mwezi litakuwa na mambo uliyoyafanya wewe, ya kweli, na ndiyo yatakayokusemea siku ukijiona huwezi.

Kuna kosa moja la wodini ambalo kujiona duni hulizaa moja kwa moja, nami naliogopa kuliko kanula zote zilizoharibika. Mwanafunzi anapima presha, hasikii kitu, anaona aibu kusema, anaandika 120/80. Kwenye kliniki ya wajawazito presha ya 140/90 inaweza kuwa ishara ya kifafa cha mimba kinachokuja. Namba ya kubuni inamrudisha mama huyo nyumbani kijijini, pengine umbali wa saa kadhaa kwa bodaboda. Usiandike kamwe namba ambayo hukuisikia. Sema: "Sijasikia vizuri, naomba nirudie." Kisha uangalie sababu za kawaida. Ncha za masikioni za stetoskopu zielekee mbele, si nyuma. Gonga kidogo kile kisahani ujue upande uliofunguka. Tafuta kwa vidole mshipa unapodunda kwenye kiwiko, uweke kisahani hapo. Pampu mpaka mapigo ya kifundo cha mkono yapotee, ongeza milimita 30, kisha shusha taratibu, milimita mbili au tatu kwa sekunde. Wengi hawasikii kwa sababu wanaachia hewa yote kwa pupa. Kabla ya kurudia, toa hewa yote na usubiri dakika moja. Mgonjwa awe ameketi ametulia dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ukirudia mara mbili bado husikii, mwite muuguzi apime. Mwanafunzi anayesema "sijasikia" anaaminika kuliko anayejifanya anajua kila kitu, na mainchaji (wasimamizi wa wodi) wazuri wanalijua hilo.

Kufokewa, na namna ya kuomba

Kumfokea mwanafunzi mbele ya mgonjwa ni kosa la mfundishaji. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za kurekebisha watu kazini na masomoni, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya marekebisho yaliyopimwa yalishusha utendaji badala ya kuupandisha, hasa yale yanayovuta macho ya mtu kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi yake. "Umeshika vibaya, vuta ngozi" ni rekebisho la kazi. "Hivi mlitokea wapi nyie?" haifundishi kitu, na mgonjwa naye anapoteza imani na wote wawili. Nawaomba wakufunzi na mainchaji wanaosoma hapa walitafakari hilo kwa dhati.

Wewe kwa upande wako fanya hivi. Ngoja hadi kesho yake. Andika alichosema, ufute matusi, ubakize lile moja la kitaalamu kama lipo. Kisha mfuate kabla ya zamu kuchangamka, si katikati ya raundi: "Shikamoo sista. Jana ulinirekebisha kwenye kanula, kwamba nilichelewa kufungua mpira. Nimeifanyia mazoezi maabara. Naomba leo uniangalie nikifanya kwa mgonjwa mmoja." Wengi waliofoka jana hulainika kwa maneno hayo. Asipolainika, au ikiwa matusi yanajirudia, mpelekee mkufunzi wako wa mazoezi tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Jambo jingine linalohusu malezi yetu. Binti aliyekulia Urambo au Sikonge amefundishwa kupiga goti kwa wakubwa, kutowakodolea macho, kutouliza uliza. Hiyo ni adabu, usiitupe. Wakufunzi waliotoka kwingine wakati mwingine huisoma kama kutojiamini, na mwanafunzi naye anaanza kuamini hivyo. Adabu na kuuliza vinakaa pamoja vizuri ukivipa umbo la ombi: "Naomba kueleweshwa", "Naomba nirudie nione kama nimeelewa", "Samahani sista, nilivyosoma mimi dozi ni hii, naomba tuangalie pamoja." Sauti iwe ya chini ukipenda, lakini ombi litoke. Weka lengo la ombi moja kila zamu. Litakuwa gumu wiki ya kwanza.

Usishangae pia kwamba umeporomoka tangu ufike chuoni. Herbert Marsh ameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mwanafunzi yuleyule, mwenye uwezo uleule, hujiona dhaifu akiwekwa kati ya wenzake wenye uwezo mkubwa. Darasani kwenu karibu kila mtu alikuwa tatu bora ya kwao. Uwezo wako haukupungua njiani kati ya Urambo na Tabora. Waliokuzunguka ndio wamebadilika. Jilinganishe na daftari lako la mwezi uliopita.

Angalizo moja kabla sijafika kwa mzee. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali au unalala kutwa, huli, huoni raha ya kitu chochote ulichokipenda, au unapata mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, hapo si suala la masomo tena. Mwambie mlezi wa wanafunzi siku hiyohiyo, au nenda hospitali uombe kumwona mhudumu wa afya ya akili. Kwa mawazo ya kujidhuru usikae peke yako chumbani hata usiku mmoja; mwamshe mwenzako.

Na sasa baba. Umetaja tumbaku kabla ya kutaja hata masomo uliyofeli, na nadhani ndiyo inayokulemea. Kila alama inakuwa deni lake. Jennifer Crocker na wenzake wameeleza kwamba mwanafunzi anayeiweka thamani yake yote kwenye alama hupata msongo mkubwa zaidi, na msongo huo haumletei alama bora. Mzee anatoa ada ili uwe muuguzi. Sapu ni hatua ya kurekebisha iliyowekwa na chuo chenyewe, na wauguzi wengi wazuri wamepitia humo. Usimfiche, maana kuficha nako ni kukwepa, na kunakula nguvu unayoihitaji kwa dawa 45. Mpigie ukiwa na mambo manne mkononi: masomo gani, mtihani tarehe gani, unafanya nini kila jioni, na gharama ni kiasi gani. "Shikamoo baba. Nimepata sapu Famakolojia na Magonjwa ya Ndani. Mtihani ni tarehe hii. Nasoma na wenzangu wawili kila jioni, na mkufunzi ananipima kila Ijumaa." Ongea na mkufunzi kwanza, ili sentensi hiyo ya mwisho iwe kweli kabla hujapiga simu. Na kama chuo chenu kinatoza ada ya sapu, mwambie mapema, kabla fedha ya tumbaku haijagawiwa yote kwenye mbolea na mahitaji ya nyumbani.